Kilima cha Mzabibu

Nilianza kazi ya zabibu mwaka ule tuliokula unga wa njano. Wenye umri wangu wanaujua. Mahindi yalikuja kwa treni, kwenye magunia yenye maandishi ambayo kwetu hakuna aliyeweza kuyasoma, na ugali wake ulikuwa na rangi ya ua la boga na harufu ya gunia lenyewe. Mama yangu aliusonga huku amenuna, akaweka pembeni mlenda mkavu wa mwaka juzi, akasema kuleni, msiuangalie. Tukala bila kuuangalia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo najua kusoma, kuandika, na kujumlisha kama namba hazijawa ndefu sana.

Nawaandikia nyie mliobaki shambani, mnaoniita Bibi Matika hata mbele ya wageni. Vyeo sitavisema kwa sababu sikupata hata kimoja. Mshahara nao ulikuwa mshahara. Nitasema habari ya macho, maana ndiyo kazi niliyoifanya mpaka mgongo ukakataa.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa kanga mbili na kandambili zisizofanana. Niliambiwa ni shamba la zabibu, na kusema kweli nilikuwa nimepanga kula nyingi kuliko nitakazoweka kwenye kreti. Nikakuta hakuna hata moja. Kulikuwa na miti mikavu kama kuni, mistari kwa mistari, imefungwa kwenye waya. Nikamwuliza mnyapara kama shamba limeungua. Akaniangalia kwa muda mrefu, halafu akawaita wenzake waje nirudie swali mbele yao. Nilirudia. Walicheka mpaka chai ikapoa, na kwa miezi mingi jina langu likawa Mama Zimamoto.

Mnyapara huyo alikuwa Mzee Masima, Mgogo mwenzangu, mtu wa upande wa Mpwapwa, mfupi, mwenye jicho moja. Lile la pili lilichomwa na ncha ya tawi enzi za ujana wake. Watu walimtania kwamba ana jicho moja lakini ndiye anayehesabu macho ya shamba zima. Alikuwa na jibu lake: nyie mnayo mawili na bado mnajikata vidole.

Kwa atakayesoma hapa bila kujua kazi yetu, jicho ni kile kiuvimbe kidogo kilichokaa kwenye tawi la mzabibu, kama chunusi. Likizinduka linatoa chipukizi, na chipukizi linabeba kichala. Kupogoa ni kukata tawi la msimu uliopita na kubakiza kipande tu, ambacho sisi tunakiita mkono. Basi uhodari wote wa mpogoaji, pamoja na kiburi chake, ni kujibu swali moja mbele ya kila mti: mkono huu ubaki na macho mangapi?

Mzee Masima alinipa mkasi wenye mpini uliozungushiwa mpira wa baiskeli. Akanionyesha kuunoa kwa jiwe, upande mmoja tu, na kuufuta kila baada ya mstari ili ugonjwa wa mti huu usihamie ule. Mkasi butu hautafuni mti peke yake, unatafuna na kiganja. Akanifundisha kukata mshazari, upana wa kidole juu ya jicho la mwisho, mteremko uelekee upande ambao jicho halipo, kwa sababu mti ukikatwa unatoa machozi, na machozi yakililowesha jicho linaoza. Nilikata vibaya wiki mbili. Hakunipiga wala hakunitukana. Aliokota kila kipande nilichoharibu akakiweka kwenye mfuko wa koti lake, na jioni alinirudishia vyote akaniambia nikavipikie. Vilitosha kuchemsha maharage.

Mwaka uliofuata ulikuwa mwaka wa kambale. Mvua zilinyesha mpaka Bahi ikageuka ziwa, na mji mzima ukanuka samaki. Hata watu wa kwetu, ambao samaki kwao ni kama mdudu, walijifunza kutoa miiba. Msimu wa kupogoa ulipofika, Mzee Masima alipata habari ya msiba wa dada yake. Akapanda treni kwenda Gulwe kuzika. Mimi aliniachia mistari mitatu ya Kitalu cha Nne, mistari mingine mitatu akamwachia Yona, kibarua mwenzangu. Alituambia tuache macho kumi kila mkono, akaondoka.

Sasa mimi nilikuwa na akili ya njaa. Nilikuwa nimetoka kwenye unga wa njano. Niliutazama ule mti nikajiambia: jicho ni kichala, kwa nini nikate chakula? Kama macho kumi ni mazuri, kumi na sita ni mazuri zaidi. Nikaacha kumi na sita, mkono baada ya mkono, na nilijiona mtu mwema. Yona yeye hakuwa na mawazo ya aina hiyo. Yona alikuwa mvivu tu. Aligundua kwamba ukikata karibu na shina huna haja ya kuinua mkono wako juu, basi akaacha macho manne, akamaliza mapema, akalala.

Mistari yangu ilipochipua ilipendeza kama kanisa siku ya harusi. Watu walisimama njiani kuiangalia. Mzee Masima aliporudi alipita katikati yake, akaniambia neno moja tu, kwamba tungoje mavuno. Nikadhani ananionea wivu.

Wakati wa mavuno vichala vilikuwa vingi kweli. Ila punje zilikuwa chache, ndogo kama pilipili manga, chachu, nusu yake zimekaukia hukohuko. Mzee Masima akatandika magunia matatu chini. Akanituma nilete vichala vyote vya mkono mmoja kutoka kwenye mistari yangu, Yona alete vya mkono mmoja kutoka kwake, na yeye akaleta vya mkono wake mmoja wenye macho kumi. Akatuamuru tuhesabu punje nzima, zile zinazofaa, moja moja. Tulihesabu tukiwa tumechutama mpaka magoti yakalia. Gunia la Mzee lilikuwa na punje kama mia tano. Langu mia tatu na kidogo. La Yona mia tatu na kidogo.

Nilirudia kuhesabu. Ikawa vilevile. Mimi wa macho kumi na sita na mvivu wa macho manne tulivuna sawasawa, tofauti haikujaa hata kiganja.

"Basi si afadhali uvivu, Mzee?" Yona akasema.

"Wewe hukuuomba mti kitu," Mzee Masima akamjibu. "Huyu ameuomba kila kitu. Mti umewapa sawa. Ila wako utaamka mwakani. Wa kwake sijui."

Alijua. Kati ya miti arobaini niliyoipogoa, kumi na mmoja haikuamka. Nilikata mmoja kwa mkasi kuangalia, ndani ulikuwa mkavu kama biskuti. Nililia, na yeye akaniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akaniletea jembe ning'oe. Tulipanda mingine pamoja, mimi na yeye, kwenye mashimo yaleyale. Ndiyo ile miti ya upande wa mferejini ambayo nyie mnaiita miti ya Bibi. Haikuwa heshima. Ilikuwa adhabu.

Baada ya hapo nikashika kumi kama amri ya dini. Kumi, kumi, kumi. Mpaka ukaja mwaka wa uji bila sukari, mvua zilipokata kabla mahindi hayajabeba. Siku ya kupogoa nikamwona Mzee Masima anaacha macho sita. Nikamwambia Mzee umesahau. Akanishika mkono mpaka katikati ya mistari, akachimba shimo kwa jembe, akaniambia niingize mkono. Mwaka wa kambale udongo ulikuwa umelowa tangu kiganjani. Safari hii nilifika kwenye kiwiko, bado vumbi. Akanishikisha matawi: mwaka mzuri tawi lina unene wa penseli, haya yalikuwa kama njiti za kiberiti. Akakata moja, tukangoja. Halikutoa machozi.

Hakunieleza zaidi ya hapo. Mzee Masima hakuwa mtu wa kueleza. Tulivuna punje chache mwaka ule, lakini tulivuna, na mashamba ya jirani yaliyoshika macho kumi yalitoa zabibu kavu ambazo hazikuhitaji kukaushwa. Mungu amrehemu. Alistaafu, akarudi kwao, akafa kifo cha kitandani ambacho kila mtu anakiombea. Kila ninachokijua kinanuka koti lake.

Miaka ikaenda. Nilipogoa miaka ya wali na miaka ya makande, nikazaa, nikasomesha, nikahamia Ipagala tangu ikiwa mapori mpaka ikawa na taa za barabarani. Mameneja walikuja na kuondoka. Nilijua la kufanya mbele ya kila mti, lakini ungeniuliza kwa nini, ningekuambia nenda kachimbe. Aliyenipa maneno ni mjukuu wangu Nyemo.

Nyemo ni binti wa mwanangu wa mwisho, nimemlea mimi. Ana akili. Sisemi hivyo kwa kuwa ni wangu. Wengine ni wangu pia na hawana. Alikuwa kidato cha tatu. Jumamosi moja mchana nilikuwa uani nachambua mchicha, nikamsikia anavuta kamasi juu ya daftari.

"Nini kinakuliza?"

"Hesabu, Bibi."

"Ya kujumlisha?"

"Ingekuwa ya kujumlisha ningelia?"

Nikamwambia alete nione. Akaniambia haitanihusu. Nikamwambia hata kuzaliwa kwake hakukunihusu, na nilimpokea. Akaleta. Kwenye daftari kulikuwa na mstari unaopanda kutoka kushoto, unajipinda, unashuka kulia.

"Hiki si kilima?"

"Ni grafu ya kwadratiki. Natafuta kilele ni wapi, halafu niseme domeni yake, halafu ikihama nini kinatokea. Sielewi hata kimoja."

"Huku chini unakohesabu kuna nini?"

"Eksi."

"Eksi ni nini?"

"Ni kitu chochote, Bibi."

"Kitu chochote hakina kilima. Ni nini?"

"Mwalimu hajasema."

"Basi ni macho," nikamwambia. Nikaweka mchicha chini.

Nilimweleza kama ninavyowaeleza nyie. Kwa mwaka mzuri, kama mkono usingekuwa na mzigo kabisa, kichala kingekuwa na nguvu ya kubeba punje mia. Kila jicho unaloongeza linavinyang'anya vichala vyote punje tano tano. Macho manne, kila kichala kimebaki na themanini. Macho kumi, hamsini. Nyemo akaacha kulia, akaanza kuandika. Akasema punje za mkono mzima ni macho mara punje za kichala kimoja: eksi mara, ndani ya mabano, mia toa tano eksi. Mimi nikamwambia sijui umesema nini, weka manne. Akaweka. Mia tatu na ishirini. Weka kumi na sita. Mia tatu na ishirini.

Wanangu, nililivuta lile daftari. Yale magunia matatu nilikuwa sijamsimulia.

"Weka kumi."

"Mia tano."

"Tisa?"

"Mia nne tisini na tano. Na kumi na moja hivyohivyo." Akaangalia daftari, akaniangalia mimi. "Bibi, kilele ni kumi. Kipo katikati. Pande zote mbili zinalingana kwa sababu upande mmoja una vichala vichache vinene, mwingine vingi vyembamba."

"Yona na mimi," nikasema.

"Yona ni nani?"

"Andika. Hiyo domeni ni nini?"

Akanieleza kwamba ni mahali eksi inaporuhusiwa kukaa. Nikamwuliza kama eksi inaweza kuwa ishirini na moja. Akapiga hesabu, akasema punje zinakuwa hasi, chini ya sifuri. Nikamwuliza zabibu zilizo chini ya sifuri anachuma nani. Akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Akasema basi ndiyo maana tunaishia ishirini, huko mbele mstari unaendelea kwenye karatasi lakini shambani haupo. Akaongeza mwenyewe kwamba hata jicho na nusu halipo, kwa hiyo kilima chetu si mstari, ni nukta nukta. Alisema hata mwalimu wake hakuwaza hilo. Nami sikumpinga.

Halafu nikamwambia: sasa weka mwaka wa uji bila sukari. Ile mia ifanye sitini, maana mti una kiu. Tano iache, jicho linaloongezwa halina huruma mwaka wowote. Akachora kilima cha pili kwenye karatasi ileile.

"Ni kilekile," akasema taratibu. "Bibi, sura ni ileile. Kimehama tu. Hatua nne kushoto, na kimezama chini. Kilele sasa ni sita, punje mia na themanini."

"Na mtu aliyebaki kwenye kumi?"

Akafuata kwa kidole. "Amebaki palepale, ila sasa yupo kwenye mteremko. Anapata mia. Akiongeza mawili tu anafika sifuri. Kilima kinaishia kumi na mbili, hakifiki tena ishirini."

Mimi nilikijua kile kilima kwa kiwiko changu. Sikuwahi kukiona kwa macho. Nilimwomba ile karatasi nikaikunja nikaiweka pamoja na kadi ya kliniki na cheti cha ubatizo.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana nimewasimulia la ujanani na hili la uzeeni ndilo kubwa.

Meneja wenu Inosenti alikuja shambani wakati wa miaka mizuri. Kijana wa Chemba, msomi, mwenye adabu; shikamoo yake haiji kwa haraka haraka, anasimama kwanza. Wiki ya kwanza akaniuliza tunaacha macho mangapi. Nikamjibu kumi. Ilikuwa kweli. Akaandika kwenye ukuta wa stoo kwa rangi nyekundu, herufi za kusomeka toka barabarani: MACHO KUMI. Naungama nilikuwa nikipita pale bila shughuli, kuyasoma tu. Mtu wa darasa la nne, neno langu limepakwa rangi ukutani. Miaka mitatu ukuta ulisema kweli, na nyie mlioajiriwa wakati ule mkajifunza kwa ukuta. Hamkuwahi kuchimba, kwa kuwa hakuna aliyewaambia mchimbe. Wa kuwaambia nilikuwa mimi, nami nilikuwa nasoma ukuta.

Ukaja ule mwaka ambao mchicha ulipotea sokoni, mvua zilipokata Januari. Siku ya kupogoa nikaingiza mkono ardhini. Kiwikoni vumbi. Nikakata tawi, halikulia. Nikasimama kwenye mti wa kwanza wa Kitalu cha Nne na sikuendelea. Wenzangu wa Kitalu cha Tano mlikuwa mmeshaanza asubuhi na mapema, mnakata kumi kumi na kuimba.

Mnajua kilichokuwa hatarini, lakini niseme wazi. Viwanja vinatusogelea. Zamani ukitoka shambani hukuona bati hata moja mpaka mjini, leo nyumba zimefika kwenye uzio. Kitalu kikifa hakipandwi tena, kinapimwa. Kitalu cha Nne ndicho kikongwe kuliko vyote, alikipanda Mzee Masima kwa mikono yake, na mle ndani mnafanya kazi watu ishirini na zaidi.

Inosenti akaja, akasalimia, akaniuliza kama nimechoka.

"Sijachoka. Hapa ni sita."

"Bibi, ukuta unasema kumi."

"Ukuta haujachimba."

Mnunuzi alikuwa anasubiri mzigo uleule wa mwaka jana, na yeye ndiye aliyeahidi. Akaniambia kwa upole kwamba ile namba ni yangu, nilimpa mwenyewe.

"Nilikupa. Nilikosea."

"Kumbe haikuwa kumi?"

"Ilikuwa kumi. Nilikosea kukupa."

Hakunielewa. Nikachutama, nikachora chini kwa ncha ya mkasi kilima cha kwanza, halafu cha pili pembeni yake, kimesogea kushoto, kimezama. Nikasimamisha njiti ya kiberiti kwenye kumi. Nikamwambia hapa tulisimama mwaka jana, tulikuwa kileleni. Hatujasogea. Kilima kimetutoka chini ya miguu. Inosenti akishangaa hupiga kidoko cha lugha ya kwao, sauti kama chupa inayofunguliwa. Akakipiga. Akachutama na yeye, suruali ya ofisini na yote, akaniuliza punje ngapi, na ngapi, akapiga hesabu kwenye vumbi.

"Hii ni kwadratiki, Bibi. Nimeifanya miaka yote ya shule. Sikujua kama ina kazi."

Ikabidi aamue. Kitalu cha Tano kilikuwa kimeshakatwa zaidi ya nusu, na kwa mnunuzi alikuwa amesaini. Akakiacha cha Tano kwenye kumi. Cha Nne akanipa mimi.

Yaliyofuata mliyachuma wenyewe. Cha Nne kilitoa kidogo lakini tamu, punje za kuonekana. Cha Tano kilitoa nusu yake na uchachu juu. Hayo si kitu. Msimu uliofuata cha Nne kiliamka chote, na cha Tano mkapita na mikasi mkikata biskuti, mti baada ya mti, na hakuna aliyeimba. Leo mle mna bikoni za wapimaji, zege jeupe kila hatua thelathini. Inosenti anajilaumu. Simzuii, itamsaidia. Lakini kitalu kile nakibeba mimi. Mkono wake ndio ulioshika brashi, ila rangi ilitoka mdomoni mwangu.

Hata hivyo, sina kinyongo na kazi hii. Nimelishwa nayo. Mungu alinipa mwalimu mwenye jicho moja, mjukuu mwenye akili, na bosi anayekubali kuchutama. Kuna watu wamestaafu na vyeo na hawakupata hata mmoja kati ya hao. Nyemo sasa anasomea ualimu wa hesabu. Likizo aliyokuja alinikuta nimelala, akaanza kumweleza jirani domeni kwa kutumia maboga. Nilijifanya sijaamka.

Siku mliyoniaga mlinipikia pilau na kunivika kanga, na baraka ya mchungaji ilikuwa ndefu kuliko pilau. Nikashukuru, nashukuru tena. Halafu mkanipeleka stoo. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa, mweupe pee, KUMI imefutika. Inosenti alikuwa na kopo la rangi na brashi mpya. Mlikuwa mmepanga bila kuniambia. Mmoja wenu akasema mzee akiondoka lazima aache kitu. Inosenti akaniuliza niandike nini: sita, au namba yoyote ninayoona ni salama, na kila atakayekuja ataifuata.

Nilimrudishia brashi.

"Namba siwaachii. Nendeni mkauangalie mti."

Mlinuna, niliwaona. Kuna aliyenong'ona nyuma kwamba kabibi kachoyo. Nilisikia, masikio yapo. Ukuta ukabaki mweupe, tukaenda kunywa soda.

Juzi Inosenti amenipigia simu. Nilikuwa uani, mchana, nakaanga karanga. Akaamkia, akaulizia miguu yangu, halafu akaniambia mvua za mwaka huu hazikuwa za kambale wala za uji. Kitalu cha Nne wamekichimba sehemu sita, yeye mwenyewe ameingiza mkono. Unyevu unaanzia katikati ya kiganja na kiwiko. Matawi mengine penseli, mengine njiti. Wamekata, wakangoja, machozi yametoka lakini si ya kudondoka. Nyuma yake nilisikia sauti zenu, mnabishana saba, mnabishana nane, mmoja anamwambia mwenzake hujui kuchimba wewe. Nilifurahi mpaka karanga zikaungua upande mmoja.

"Sasa Bibi, tunaogopa," akasema. "Hiki kikifa hakuna kingine. Ni saba au ni nane? Tuambie tu mwaka huu, hatutaandika popote."

Nilikuwa nayo. Ilikuwa kwenye ncha ya ulimi, ningeitema tu. Nikaipua sufuria kwanza, nikaiweka chini.

"Namba siwaachii. Nendeni mkauangalie mti."